Fahamu: Kwa nini mtungi wa mbegu za ng'ombe haukazwi kizibo

Mfugaji wa Iramba au Manyoni akimwita mtaalamu wa uhimilishaji, huona mtungi ukifunguliwa na ukungu mweupe ukifuka. Ndani mna naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, inayohifadhi mbegu za madume kama zile zinazozalishwa na kituo cha taifa cha uhimilishaji (NAIC), Usa River, Arusha. Lita 1 ikigeuka gesi hufikia karibu lita 700, hivyo kizibo huachwa kimelegea; ukikikaza, mtungi unaweza kupasuka. Barafu ya vidoleni wengi wanaiogopa. Kinachoua hasa ni gesi yenyewe: haina rangi wala harufu, nayo husukuma oksijeni nje ya chumba. Mtu huzimia bila hata kukohoa. Usisafiri na mtungi kwenye gari lililofungwa vioo. Mwenzako akianguka kwenye stoo yenye mtungi, usimfuate ndani. Fungua milango na madirisha kwanza, ukiwa nje.