Polisi wa Ufaransa na Sheria Iliyolegeza Mpaka

Askari anayesimamisha magari barabarani hulindwa na mambo mawili: adhabu inayomsubiri atakayemgonga, na kanuni inayomweleza ni lini anaruhusiwa kufyatua risasi. Tangu 2017, Ufaransa imeliongezea makali jambo la kwanza na kulilegeza la pili. Kulegea huko kumegharimu maisha.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Julai 2020, Mélanie Lemée, askari wa jandameri (polisi wa kijeshi) mwenye umri wa miaka 25, aligongwa na kuuawa huko Lot-et-Garonne na dereva aliyekuwa akikimbia kizuizi. Kila mwaka amri ya kusimama hukaidiwa zaidi ya mara 20,000. Kumuua polisi kwa makusudi tayari kulibeba kifungo cha maisha. Januari 2022 Bunge likapandisha pia adhabu ya ukaidi wenyewe, kutoka kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili, na faini hadi yuro 15,000.

Kulegea kwa kanuni ya risasi kulianzia kwingine. Oktoba 2016, huko Viry-Châtillon, askari walishambuliwa kwa chupa za petroli wakiwa ndani ya magari yao, na wawili wakaungua vibaya. Polisi wenye hasira waliandamana, na Februari 2017 ikapitishwa sheria mpya ya matumizi ya silaha. Awali polisi walifuata kanuni ya kujihami: hatari iwe imeshafika, na jibu lilingane nayo. Kifungu kipya kiliwaruhusu kulipiga risasi gari linalokataa kusimama endapo waliomo wanaelekea kudhuru watu katika kukimbia kwao. Masharti ya ulazima na ulinganifu yalibaki kwenye maandishi, ila askari sasa alitakiwa kukadiria jambo ambalo halijatokea, tena ndani ya sekunde moja.

Mwaka 2022, Sebastian Roché na watafiti wenzake walionyesha kwamba vifo vya risasi za polisi dhidi ya magari yaliyo kwenye mwendo viliongezeka mara tano baada ya sheria hiyo. Jandameri, walio chini ya kifungu hichohicho, hawakuonyesha ongezeko hilo. Tofauti hiyo inaelekeza macho kwenye malezi ya kazi: mwaka 2020 mafunzo ya polisi chuoni yalipunguzwa kutoka miezi 12 hadi 8, kabla ya kurefushwa tena. Mwaka 2022 pekee, watu 13 waliuawa katika matukio ya magari kukaidi amri.

Juni 2023, huko Nanterre, kijana wa miaka 17, Nahel Merzouk, aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye usukani. Maelezo ya kwanza yalidai gari liliwaelekea askari. Video ikaonyesha wamesimama ubavuni mwake. Ghasia zilienea nchi nzima, na vituo vya polisi vikachomwa moto. Sheria iliyokusudiwa kuwalinda askari ikawa imewaongezea maadui.

Risasi haisimamishi gari. Dereva akifa, gari huendelea kwenda bila wa kuliongoza. New York ilitambua hilo mwaka 1972, ikawakataza polisi wake kulipiga risasi gari linalotembea, isipokuwa waliomo wanatumia silaha nyingine ya kuua.

Ufaransa inapaswa kurejesha sharti la hatari iliyopo, na kumfunza askari kukaa pembeni ya njia ya gari, kuchukua namba na kumfuata mhalifu baadaye. Adhabu kali kwa anayegonga askari kwa makusudi ni haki. Ruhusa ya kuua kwa kukisia haimlindi askari, na Bunge lililoitoa lina wajibu wa kuiondoa.