Fahamu: Kwa nini malwa haina gesi kama bia ya chupa

Gesi inatoka wapi?

Hamira inapokula sukari hutoa kilevi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Bia ya kiwanda cha Port Bell hufungiwa gesi hiyo kwa shinikizo. Malwa, pombe ya ulezi, hunywewa kwenye chungu kilicho wazi, tena huongezwa maji ya moto, na joto huifukuza gesi.

Je, imeharibika?

Wapo wasemao pombe isiyo na povu imelala. Hoja hiyo haisimami: hamira ya malwa bado iko hai, na vipovu vidogo hupasuka juu ya machicha, kando ya mirija mirefu ya kunywea. Ukiiziba malwa kwenye chupa, gesi hujazana hadi chupa inaweza kupasuka. Pombe iliyoharibika hujulikana kwa ukali wa siki, si kwa uchache wa povu.