Kwa nini injini kuukuu ya boti hugoma kuwaka

Katika fukwe za pwani ya Afrika Mashariki na mialo ya Ziwa Victoria, si ajabu kumwona nahodha akivuta kamba ya injini ya kupachika mara 20 au zaidi kabla haijanguruma. Wengi husema ni uzee wa mashine, wakaendelea nayo hivyo hivyo hadi siku inapozimika mbali na nchi kavu.

Hapo ndipo penye hatari. Boti iliyokosa nguvu haiwezi kuelekeza omo kwenye mawimbi. Hugeuka ubavu ikajaa maji, au husukumwa na upepo na mkondo hadi kwenye miamba.

Hata hivyo, uzee peke yake hauzuii injini kuwaka. Tangu Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norway, alipoanza kuuza injini zake nchini Marekani mwaka 1909, injini ya petroli ya kupachika imehitaji mambo matatu ili iwake: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi, cheche na mgandamizo. Inapogoma, moja kati ya hayo limepungua.

Kabla ya kufungua chochote, yapo mambo madogo ya kutazama. Je, gia iko nyutro? Kibanio cha kamba ya usalama kiko mahali pake? Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi imelegezwa? Pampu ya mkono imeminywa hadi ikawa ngumu? Mara nyingi fundi huitwa kwa sababu ya jambo moja kati ya haya.

Yote yakiwa sawa, plagi ndiyo itakayotoa ushahidi. Ikitoka kavu baada ya kamba kuvutwa mara kadhaa, mafuta hayafiki. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika lakini cheche ni hafifu, au choki imetumika kupita kiasi. Ikiwa na matone ya maji, petroli yenyewe imeharibika.

Mafuta ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Petroli iliyochanganywa na oili ikakaa miezi kadhaa hupoteza nguvu na kuacha utando unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Dawa yake ni kumwaga mafuta ya zamani, kubadili chujio na kusafisha kabureta. Mpira wa mafuta uliopasuka nao huingiza hewa, injini ikakosa mafuta.

Kipimo cha oili nacho kina uzito wake. Injini nyingi za mipigo miwili hutumia lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani nusu lita kwa lita 25. Baadhi ya zile za zamani huhitaji maradufu. Oili ikizidi, plagi huchafuka. Ikipungua, pistoni huungua. Mwongozo wa mtengenezaji ndio wa kufuatwa.

Kwa upande wa cheche, plagi mpya ya namba sahihi ni gharama ndogo kuliko kazi ya siku moja iliyopotea. Ikiwa plagi mpya nayo haitoi cheche, zikaguliwe nyaya na viungio vyake, kwani chumvi huvila taratibu.

Mgandamizo ndio ugonjwa mzito. Kamba ikivutika kwa wepesi usio wa kawaida, huenda ringi za pistoni zimelika. Fundi hupima kila silinda kwa geji, na tofauti inayozidi asilimia 10 hivi baina ya silinda ni dalili mbaya. Hapo usafi wa kabureta hautasaidia. Injini lazima ifunguliwe.

Baadhi ya watu humwaga petroli kwenye tundu la plagi ili injini ishtuke. Mbinu hiyo huosha oili inayolinda silinda, na yaweza kuzusha moto. Silinda zikijaa mafuta, ni heri kurudisha choki, kufungua mafuta hadi mwisho na kuvuta kamba mara kadhaa.

Kinga huanza boti inaporudi. Injini iliyotoka baharini isafishwe kwa maji baridi ikiwa inanguruma, kisha mpira wa mafuta uchomolewe ili kabureta ikauke kabla injini haijazima yenyewe. Isiwashwe kamwe bila maji, kwani impela ya mpira kwenye pampu ya kupozea huungua upesi.

Injini iliyotunzwa hivyo huwaka kwa mivuto michache. Ikihitaji zaidi, irejeshwe kwa fundi kabla ya safari. Na hata inayowaka vizuri isitoke bila makasia, nanga na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo.