Njia za majani chai zaweza kuulinda moyo wako

Mkazi wa Kericho au Bomet akisikia neno mbio, aghalabu hufikiria medali. Si ajabu. Marehemu Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, nishani ya shaba katika mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Miaka 60 baadaye, mjini Paris, Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani, alinyakua dhahabu mbili katika mita 5,000 na mita 10,000.

Lakini sifa hiyo ina hasara yake, kwani wengi wetu tumewaachia mabingwa mbio. Mchuma chai hupanda na kuteremka vilima kutwa akiwa na kikapu mgongoni, hali karani wa ofisi, mwenye duka na kijana wa bodaboda huketi tangu asubuhi hadi jioni. Hao ndio huja kliniki wakilalamikia kichwa na uchovu, na tukiwapima tukapata presha imepita 140 kwa 90, au sukari imezidi. Nje ya mlango wao kuna njia ambazo watalii huzisifu.

Mbio husaidiaje?

Moyo ni msuli. Ukiufanyisha kazi mara kwa mara hupata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa hulegea ili damu ipite bila kubanwa. Ndivyo presha inavyoshuka. Nayo misuli ya miguu hufyonza sukari iliyomo damuni, jambo linalomfaa mwenye kisukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, au dakika 75 za mazoezi mazito. Nusu saa kwa siku tano yatosha.

Hewa ya huku juu

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, kila pumzi huwa na oksijeni pungufu kwa karibu moja kwa tano kuliko Mombasa. Mwili wa mwenyeji umekwisha kuzoea. Mgeni aliyehamia kutoka pwani asishtuke akihema upesi. Apunguze mwendo kwa wiki mbili tatu za kwanza, mwili wake uanze kuunda chembe nyekundu za kutosha.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, unakwenda vizuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Njia zenyewe

Kwa anayeanza, uwanja tambarare wa shule ni bora kuliko kilima. Baada ya mwezi mmoja hivi, nenda kwenye majani chai.

Sehemu za Litein, Kapkatet na Silibwet, chai nyingi ni ya wakulima wadogo, na barabara za murram hupita katikati ya mashamba yao. Vituo vya kukusanyia majani chai huwa vipimo vizuri. Wiki ya kwanza kimbia mchakamchaka hadi kituo cha kwanza, urudi ukitembea. Ukikizoea, jaribu cha pili.

Aliye Bomet anaweza kufuata njia ya Silibwet hadi Tenwek, ambako mto Nyangores huporomoka kwenye miamba kabla ya kwenda kuungana na Amala na kuwa mto Mara.

Kwa wakazi wa mji wa Kericho, iko bustani ya miti ya Chagaik, kilomita zipatazo 8 kutoka mjini. Ilianzishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ina miti iliyoletwa kutoka nchi mbalimbali. Kwenda na kurudi kwa miguu ni kazi ya aliyezoea. Mwanafunzi wa mbio na apande matatu hadi huko, kisha akimbie chini ya kivuli. Mashamba makubwa ni mali ya makampuni, kwa hivyo omba ruhusa langoni kabla ya kuingia.

Jihadhari na kando ya barabara kuu. Hatujasahau Juni 2023, lori lilipowagonga watu na magari katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50. Ukilazimika kuipita barabara kuu, kimbia ukielekeana na magari, vaa nguo ya rangi ya kung'aa, na ukungu ukitanda, ahirisha.

Miteremko na mvua

Wengi hudhani kupanda ndiko huumiza. Kwa hakika kuteremka ndiko huchosha misuli ya mapaja, maana huvutwa huku ikifunga breki, na magoti hubeba uzito wote. Teremka kwa hatua fupi, au tembea. Usikimbie na gambuti. Tafuta raba zenye soli nene.

Toka asubuhi. Alasiri, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukutana na pepo za mashariki na kupanda, ikileta mvua, mawe na radi. Ukisikia ngurumo, ondoka shambani mara moja, kwa sababu katikati ya chai wewe ndiwe mrefu kuliko kila kitu. Usijikinge chini ya mti; ingia nyumbani au ndani ya gari. Mwenye pumu naye ajue kwamba baridi ya alfajiri huweza kubana kifua. Abebe dawa yake ya kuvuta, na angoje jua lichomoze.

Kikombe cha chai

Zao letu lina jambo la kuangaliwa. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga, maharagwe na nafaka. Bila chuma damu hupungua, na mkimbiaji, hasa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, huchoka ovyo. Usiache chai. Ingoje saa moja hivi baada ya kula.

Nani amwone daktari kwanza?

Aliyepita miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, na aliyefiwa na jamaa kwa ghafla akiwa bado kijana. Mwenye kisukari anayetumia dawa abebe peremende mfukoni, na akirudi akague nyayo zake, kwani huenda amejikwaruza bila kuhisi.

Ukiwa njiani ukahisi kifua kinabana, maumivu yakielekea mkono au taya, au kizunguzungu, simama. Usijikaze kumaliza kilima. Mwombe mtu akufikishe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama maumivu yametulia.

Kwa wengine wote, kesho asubuhi inafaa. Anza kwa kutembea dakika kumi.