Gari katika Kivuli cha Mvua: Maandalizi ya Kambi ya Mkomazi

Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya Usambara na Upare, hupoa kadiri zinavyopanda na kumwaga mvua kwenye misitu ya juu, kama ule wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena chenye mita 2,462, kisha hushuka upande wa pili zikiwa kavu. Sehemu inayokosa mvua kwa sababu hiyo huitwa kivuli cha mvua, na ndimo ilimo Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,200, ambayo lango lake la Zange liko kilomita chache tu kutoka mjini Same. Jina lenyewe hufasiriwa kutoka maneno ya Kipare ya kijiko na maji, yaani maji ya kuchota kwa kijiko, na msafiri anayekusudia kulala huko siku tatu atafanya vyema kuanza hesabu zake hapo.

Watu wawili, kila mmoja akitengewa lita 5 za kunywa na kupikia kwa siku, huhitaji lita 30 kwa siku hizo, na lita nyingine 20 zinafaa kuwekwa akiba kwa ajili ya rejeta na dharura. Lita 50 za maji ni kilo 50, na uzito huo ukipandishwa kwenye keria pamoja na mahema na tairi la spea, gari huwa jepesi kupinduka kwenye korongo, kwa kuwa kitovu cha uzito wake kimepanda. Madumu yakae sakafuni, kati ya ekseli mbili, yakiwa yamefungwa kwa mikanda.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni upepo wa tairi, na inasikitisha kwamba wengi hugharimia winchi na taa kubwa huku wakikosa kipima upepo cha bei ndogo. Tairi lenye pauni 35 kwa inchi ya mraba, linalofaa kwenye lami, hugusa ardhi kwa eneo dogo na hivyo huchimba mchanga wa korongo. Likipunguzwa hadi pauni 20 hivi hutandaza unyayo wake na kupita juu ya mchanga huohuo. Hata hivyo, tairi legevu hujikunja kila linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto linaloweza kulipasua, ndiyo maana mwendo lazima upungue na upepo ujazwe tena kwa kompresa ndogo kabla ya kurejea kwenye barabara kuu. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa bado baridi, kwa sababu hewa iliyopata joto huonyesha kipimo cha juu, na anayeipunguza saa saba mchana akidhani imezidi atalikuta tairi limelegea kesho yake. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi uliolowa, ujanja huu hausaidii sana, kwani tope hujaa katikati ya kashata za tairi na kuzifanya laini. Hapo busara ni kusubiri ardhi ikauke. Miiba ya migunga nayo hutoboa ubavu wa tairi, mahali ambapo kiraka hakishiki kwa uhakika, hivyo matairi mawili ya spea si anasa.

Katika kiangazi, mbegu za nyasi hujipanga kwenye matundu ya rejeta mpaka zikafanana na blanketi jembamba la rangi ya kahawia, hewa ikashindwa kupita na mshale wa joto ukapanda ingawa maji yamejaa. Wavu laini uliofungwa mbele ya rejeta huzizuia, mradi upigwe brashi kila kituo. Nyasi hizohizo hujisokota kwenye ekzosi chini ya gari, zikakauka na kuwaka. Kwa hiyo dereva huinama kuchungulia chini kabla ya kuegesha, na kizima moto huwekwa karibu na kiti chake, wala si chini ya mizigo. Kichujio cha hewa hukung'utwa vumbi kila jioni. Mkanda wa feni na mipira ya rejeta, ambayo joto huikausha na kuipasua, hubadilishwa gerejini Same kabla haijaanza kuonyesha nyufa, na ile ya zamani iliyo salama hubebwa kama akiba.

Jeki nayo huhitaji ubao mnene wa kuikalia, wenye upana wa futi moja hivi, kwani bila ubao huo huzama mchangani huku gari likibaki palepale.