Jua la Bariadi na mabaki ya dawa majini

Ng'ombe akiugua Bariadi, mkoani Simiyu, mara nyingi mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na chupa ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini. Sindano inadungwa, mnyama anasimama, anarudi malishoni. Dawa yenyewe, hata hivyo, bado ina safari. Sehemu kubwa yake hutoka mwilini ikiwa nzima, kwa mkojo na samadi. Mvua ikinyesha, uchafu huo husombwa hadi malamboni na mitoni, na Mto Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Dawa tunazomeza binadamu nazo hutoka hivyo hivyo, kupitia vyoo vya majumbani na mifereji ya hospitali.

Hatari yake ni usugu. Bakteria wanaoishi kwenye maji yenye dawa kidogo, isiyotosha kuwaua, hujifunza kuihimili. Mwaka 2019 pekee, bakteria sugu walikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Nchini Kenya, watafiti walipima maji ya Nairobi na Kisumu wakakuta mabaki ya sulfamethoksazoli, dawa iliyomo ndani ya Septrini. Kuchemsha maji au kuyatia klorini huua vimelea, lakini njia hizo hazikubuniwa kuondoa mabaki ya dawa.

Hapo ndipo mwanga unapoingia. Mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi titani dioksaidi, ambayo ni unga mweupe unaotumika pia kwenye rangi za kuta, inavyoweza kupasua maji ikimulikwa. Mwanga ukiipiga, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni hiyo na pengo lake hukutana na oksijeni na maji, zikazaliwa chembe kali zenye maisha mafupi mno. Chembe hizo huivamia molekuli ya dawa na kuikatakata. Kazi ikikamilika, hubaki maji, kaboni dioksaidi na chumvichumvi. Unga wenyewe hauliwi. Ni kichocheo tu, hutumika tena na tena.

Kasoro yake ni kwamba titani dioksaidi huamshwa na miale ya urujuanimno, ambayo ni takribani asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia. Kwa hiyo wanasayansi wanatafuta vichocheo vinavyotumia pia mwanga tunaouona kwa macho. Kimojawapo ni kaboni nitridi, unga wa manjano unaoweza kutengenezwa kwa kuoka urea kwenye joto la nyuzi 550 hivi za Selsiasi. Urea ni ile ile mbolea ambayo mkulima anaijua.

Kwa jua, Simiyu ni tajiri. Kwa maji maangavu, sivyo. Lambo lililokorogwa na kwato za mifugo limejaa tope, na tope huzuia mwanga kupenya. Ukimwaga unga humo utapoteza unga na fedha. Naamini mahali pa kuanzia ni kwenye bomba la majitaka ya hospitali, kabla hayajachanganyika na mto, kwa sababu pale dawa ni nyingi na maji ni machache. Majitaka yatulizwe kwanza tope lishuke, kisha yapitishwe juani kwenye mfereji wa kina kifupi, wenye kichocheo kilichogandishwa kwenye vioo au vigae kisichukuliwe na maji. Yapimwe yanapoingia na yanapotoka, kwa kuwa dawa iliyokatwa nusu inaweza kuacha vipande vyenye madhara.

Tanzania ina watu wa kazi hiyo, wakiwemo watafiti wa maji wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Mfereji mmoja wa majaribio Bariadi, ukifuatiliwa kiangazi na masika, utatufundisha mengi. Wakati huo huo, daktari wa mifugo aulizwe kabla ya sindano, na antibiotiki zisinunuliwe kwa kubahatisha, maana dawa ambayo haikutumika haitahitaji jua kuiondoa majini.