Mambo Leo na Safari ya Shairi kutoka Pwani hadi Nyanda za Juu Kusini
Gazeti la Mambo Leo lilianzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika, jijini Dar es Salaam, mwaka 1923. Ingawa lilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, liliwatengea washairi nafasi, akiwamo Shaaban Robert. Shairi la Pwani, lililozoea kuandikwa kwa hati za Kiarabu, lilichapwa humo kwa hati za Kirumi zilizofundishwa shuleni. Hivyo, kwa msomaji wa Iringa au Mbeya, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihehe, Kisafwa au Kinyakyusa, vina na mizani viliweza kujifunzwa kwa kusoma, si kwa kurithishwa tu. Historia ya ushairi wa Kiswahili inayolipuuza gazeti hilo huueleza urithi wa Pwani na kuwasahau warithi wake wa bara.